Uso wa Kuazima

Nyumba ya Masista,
3 Februari

Mdogo wangu Kidole,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na kwa watoto. Mimi mzima, ila goti la kulia limeanza ukaidi, kila nikipanda ngazi linanung'unika kama novisi aliyenyimwa likizo. Mama hajambo? Macho yake je? Wakati wa Krismasi uliandika kwamba ule ukungu umeanza kushika na jicho la pili, kisha ukanyamaza, na mimi huku nimebaki nawaza mabaya yote yanayoweza kumpata mtu asiyeona mlango. Andika hata mstari mmoja. Najua kalamu kwako ni nzito kuliko randa yako ya useremala.

Sasa nina jambo langu, na naomba ulisome ukiwa umekaa.

Nimeondolewa kwenye kuoka hostia, mikate ya misa. Kazi ile nilikuwa naiweza, nilijua unga ukiwa mzito kwa kuusikia tu unavyodondoka. Sasa nimepewa kazi ya kukaa. Ndiyo, kukaa. Wameweka kiti chumba cha wageni, chini ya picha ya Mama Mwanzilishi, nami nakaa pale kuanzia asubuhi. Mahujaji wanaingia, wanaitazama picha, wananitazama mimi, wanairudia picha, halafu wanalia.

Unakumbuka mambo yalivyoanza. Bibi yetu, dada yake babu, alianzisha shirika hili enzi za ndui, akiwauguza watu waliotupwa nje na ndugu zao wenyewe. Alikufa bila kupigwa hata picha moja. Shirika lilipoanza kuomba atangazwe mtakatifu, ikatakiwa sura ya kuweka kwenye kadi za sala. Masista waliomwona kwa macho walikuwa wameshafariki. Mchoraji akaja, Mama Mkuu akaninyooshea kidole: "Mwenye damu yake ni huyu." Nikakaa karibu na dirisha alasiri chache, nikidhani ananiazima kidevu tu. Akachukua vyote, mpaka kovu la kwenye nyusi.

Na wewe unajua, kama ninavyojua, kwamba Bibi hakuwa na uso huu. Ndui aliyoiuguza ilimpitia na yeye. Mama ametuambia mara ngapi? Mashimo kuanzia paji la uso hadi kidevu, na jicho la kushoto limefumba moja kwa moja. Mama ndiye aliyemwogesha miaka yake ya mwisho, alipokuwa bi harusi mgeni pale kwa babu. Hakuna mwingine aliye hai aliyeugusa uso ule.

Mdogo wangu, nimeomba kurudi nyumbani. Nimeomba kwa mdomo, nikaomba kwa maandishi, nikaomba kwa kulia. Sina ugomvi na Mungu. Nataka kumuuguza Mama, na nataka anione kabla ukungu haujafunga. Mama Mkuu si mtu mbaya. Alinishika mkono akasema, "Sista, siku utakayoonekana sokoni unabishania vitunguu, watu watasema Mama Mwanzilishi ameacha utawa." Kisha akasema, picha ikibaki nami nabaki. Ikithibitika kwamba si yeye, itachorwa nyingine, na yeye mwenyewe atanifungulia lango.

Baraza la Askofu linalosikiliza mashahidi litafika parokia yenu mwaka huu. Mpeleke Mama. Wamuulize, aseme alichokiona, basi. Ila usimwambie kwamba kurudi kwangu kunategemea maneno yake. Mambo yakikwama atakuwa anafagia chumba changu kila siku akingoja, na mimi siwezi kuishi nikijua hivyo. Aseme kweli kwa kuwa ni kweli.

Dada yako,
Sista

*

Nyumbani,
2 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika, nisamehe kuchelewa kujibu, kazi zilinibana. Sisi wazima. Wifi yako anakusalimu sana, anasema ukipata ile dawa ya kusugua goti umtumie na yeye, maana na lake limeanza kuiga lako. Mtoto wa kwanza amevunja jino la mbele kwa kufungulia chupa. Tulimgombeza, akasema aliniona mimi. Nikarudi kwenye randa.

Mama hajambo, anakula vizuri. Macho ndiyo hayo. Kilichoko mbali kwake ni moshi tu, lakini kitu akikileta mpaka karibu na pua anakiona. Juzi alinishika masikio akanivuta usoni pake, akasema nimezeeka na sijamwambia. Ukutani kwake kuna ile picha ya Mama Mwanzilishi. Kila asubuhi anaitoa kwenye msumari, anakaa nayo kitandani, anaongea nayo. Mwanzoni nilidhani anasali. Kumbe anakuhadithia. Nani kaoa, nani kagombana na nani, bei ya mafuta ya taa. Siku nyingine anakukaripia kwa kukonda, wakati picha haijakonda.

Tumebadilisha bati la nyumba, sasa hatuhami na vitanda mvua ikinyesha. Kibanda cha kazi nacho nimekipanua kidogo upande wa nyuma. Kazi ipo, namshukuru Mungu. Mbao zimeadimika lakini nimepata mtu.

Kuhusu lile jambo lako, nimelisoma. Nimelisoma nikiwa nimekaa kama ulivyosema. Parokia hawajatangaza tarehe. Tutaona.

Mdogo wako,
Kidole

*

Nyumba ya Masista,
21 Machi

Kidole,

Sijambo. Natumaini nanyi hamjambo, na jino la mtoto limepata dawa. Mwambie shangazi yake anasema asifuate ya baba yake, baba yake alipewa jina la Kidole kwa kupiga kidole chake nyundo mara tatu kwenye ubao mmoja.

Nimefurahi mmepata bati. Nimefurahi kibanda kimepanuka. Sasa nikuulize, mdogo wangu, ni kazi gani hiyo iliyopanua kibanda?

Usijisumbue kujibu. Jumatatu alikuja mama mmoja na picha kubwa ya Mama Mwanzilishi, akataka niiguse kabla hajaipeleka kwa mgonjwa. Nikaigeuza ili nimwandikie jina la mgonjwa nyuma. Kona za fremu hazikuwa na msumari. Zilishikwa kwa vijiti vya mti vilivyopigiliwa kimshazari kisha vikakatwa sawasawa na ubao. Baba alikuwa anafunga kona hivyo, akisema msumari ni uvivu. Sijaona fundi mwingine anayefanya hivyo, ila yule mmoja aliyefundishwa kwa makofi kando yangu. Nikamuuliza yule mama kainunua wapi. Akasema, "Kuna fundi, ni wa ukoo wa Mama Mwanzilishi mwenyewe, kwake hapakauki watu." Nikaandika jina la mgonjwa. Nililikosea mara mbili, yule mama akadhani ni neema.

Sikukasirikia kazi. Mtu ana watoto. Nimekasirikia "tutaona". Wewe ndiye unayenitia kwenye mbao halafu unaniambia tutaona?

Ngoja nikueleze maisha ninayoishi, labda barua ya kwanza niliiandika kwa adabu mno. Siwezi kucheka nikasikika. Siwezi kuumwa, maana nikiugua mafua watu wanaanza novena ya siku tisa. Wiki iliyopita mwanamume mzima aliniwekea mtoto mapajani, mtoto anaungua homa, akapiga magoti akaniambia, "Sema neno moja tu." Nikamwambia ampeleke hospitali upesi. Akatoka anashukuru, anawaambia walio nje kwamba nimetabiri mtoto atapona hospitali. Sijui kama alipona. Namwaza mpaka leo, na hakuna wa kumuuliza.

Na bwaloni sasa wakati wa chakula wanatusomea habari za maisha ya Mama Mwanzilishi. Tumefika kwenye kovu. Kumbe alipigwa jiwe na watu waliochukia kazi yake, damu ikamtiririka, akawabariki. Kidole, kovu hilo nililipata nilipokuwa na miaka saba, nilipoanguka kutoka kwenye kigoda nilichokiweka juu ya meza ya Baba, nikiiba sukari. Nikashindwa kujizuia, nikasema kwa sauti, "Ilikuwa sukari." Masista wawili walicheka mpaka supu ikawapalia. Mama Mkuu akaweka kijiko chini akasema, "Sista, Mama Mwanzilishi hakuiba." Tukaendelea kula.

Usiku huo nilimwaza Bibi zaidi kuliko nilivyojiwaza. Aliutoa uso wake kwa wagonjwa, wenzake wakamrudishia uso laini ambao haukuuguza mtu. Mimi nimefungwa ndani ya picha, yeye amefungiwa nje yake. Mpeleke Mama. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na wewe ndiye niliyezaliwa naye.

Dada yako

*

Nyumbani,
4 Mei

Dada,

Shikamoo. Nilianza barua hii mara nyingi nikaishia kuchonga penseli. Wazima wote. Mama amekohoa kidogo lakini imepita.

Ni kweli, ni mimi. Ilianza kwa Mama. Niliipata karatasi ya picha yako kanisani, nikamtengenezea fremu isijikunje. Jirani akaiona akataka, kisha binamu wa jirani, halafu paroko akaagiza za jumuiya zote. Kabla ya hapo nilikuwa natengeneza viti visivyonunuliwa. Sikukuambia kwa sababu nilijua utasema hayo uliyoyasema. Wakati mwingine naziegemeza ukutani gundi ikauke, nawatazama nyote mmejipanga mstari, mnanitazama mnakunja nyusi. Nazigeuza. Wifi yako ananicheka, anasema nafanya kazi kama mtu anayedaiwa.

Nikuambie na hili, ulikasirikie ukitaka. Niliogopa. Picha ikibadilishwa, watu watakuja kuniuliza nimewauzia nani. Hilo ndilo lililonikalisha kimya, bati na kibanda ni la pili.

Lakini nimetafakari. Mimi nimekuona zaidi kwenye karatasi kuliko ana kwa ana, na nimeona aibu kwamba nimeanza kuzoea. Baraza linakaa kwetu tarehe 9 Juni. Nimeshaandikisha jina la Mama. Paroko alifurahi sana kusikia kuna aliyemwogesha Mama Mwanzilishi, akaniuliza kwa nini hatukusema siku zote. Nikamwambia hatukuulizwa.

Nitamwambia Mama aseme anachokijua, wala sitatia neno. Ila dada, una hakika tusimwambie kwa nini? Mama ni mtu wa kuelezwa.

Mdogo wako,
Kidole

*

Nyumba ya Masista,
19 Mei

Kidole wangu,

Mungu akubariki, na ile hasira ya barua iliyopita ichukulie kuwa ni ya goti.

Nina hakika. Usimwambie. Unamjua Mama, akitumaini kitu halali. Ulipokuwa umeenda kuongeza ujuzi mjini alikuwa anatenga sahani yako kila siku, na ulikuwa umesema wazi utakaa miaka miwili. Akishajua, na kisha wale mapadri wakachelewa au wakageuka, nitakuwa nimemuua kwa kumngojesha. Acha aende na moyo mwepesi. Mama hajui kusema uongo, hata mwenyeji wake akimpikia kibaya anamwambia.

Mama Mkuu nimemweleza kwamba shahidi yupo. Akaniuliza kama nina viatu vya safari. Sina. Nikaona amenitazama kwa macho ya mtu, si ya mwenye kutunza sanamu. Kesho yake nilikuta viatu vyake vya zamani mlangoni pangu, vimepigwa rangi.

Nimeshaanza kupanga mfuko, jambo la kitoto, maana nina vitu vya kujaza nusu yake tu. Nimeweka kitambaa nilichomshonea Mama. Nitalala chumba kimoja naye, nimeamua, hata akikoroma. Nitamwogesha kama alivyomwogesha Bibi. Nitabishania vitunguu mpaka sauti ikauke.

Niandikie upesi baada ya tarehe 9. Safari hii usichonge penseli.

Dada yako

*

Nyumbani,
13 Juni

Dada,

Shikamoo. Sote wazima. Naona nikueleze yote kama yalivyokwenda, kwa mpangilio, maana nikianza na mwisho sitamaliza.

Mama aliamka mapema akavaa lile gauni la bluu. Njiani alinishika kiwiko. Hakuuliza mengi, aliuliza tu kama kutakuwa na viti. Ukumbi wa parokia walikuwa wamepanga meza moja, mapadri watatu na mmoja wa kuandika. Wakamkalisha. Aliapa mkono ukiwa juu ya Biblia, sauti yake ikatoka vizuri.

Padri mkubwa akamuuliza kama alimfahamu mtumishi wa Mungu. Mama akasema, "Nilimwogesha." Akawaeleza. Dada, sikuwahi kumsikia Mama akieleza vile. Alivyokuwa anapasha maji, alivyokuwa Bibi anakataa kusuguliwa mgongo kwa nguvu, alivyokuwa anauliza kila jioni kama kuna mgonjwa aliyebaki nje. Padri wa kuandika aliacha kuandika akawa anasikiliza tu, mpaka mwenzake akamgusa.

Kisha wakampa picha. Ilikuwa na fremu yangu. Wakamuuliza, "Mama, sura hii inafanana naye?"

Akaileta mpaka puani. Akaipitisha taratibu mbele ya jicho lake, kuanzia kidevu kwenda juu. Alipofika kwenye nyusi akaweka kidole gumba juu ya kovu akakiacha pale. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimeshika kiti chake. Akasema, "Ndiye."

Padri akauliza tena, kwa upole, kama hakuwa na alama yoyote ya ugonjwa, maana inasemekana aliuguza wenye ndui. Mama akasema, "Ndiye huyu, baba. Ndivyo alivyokuwa." Nikasema, "Mama." Padri akanitazama akaniambia, "Fundi, shahidi ni mmoja." Wakamsomea yote, akaweka alama ya kidole. Palepale wakaifunga karatasi ndani ya bahasha kwa lakiri, ile nta ya muhuri. Nikamfuata yule wa kuandika mpaka nje, nikamwambia mama yangu amekosea. Akaniuliza, wewe ulimwona Mama Mwanzilishi? Nikasema sikumwona. Akasema basi, na imeshafungwa.

Tukaanza kurudi. Tulipofika nusu ya njia Mama akasema, "Nimeapa uongo." Hakusema kwa sauti ya kutubu. Alisema tu. Nikamwambia najua. Akasema, "Ulitaka nifanyeje? Ningesema si yeye wangeitoa. Wangeitoa kanisani, kisha wangekuja kuitoa na kwangu. Mwanangu ningemwona wapi? Mnasema atakuja, atakuja. Mimi nimebakiwa na jicho la kuona kilicho puani. Yule wa karatasi anakaa puani." Akatembea kidogo, akasema, "Bibi yenu atanisamehe. Nilimwogesha vizuri."

Nilimshika mkono tukavuka barabara.

Amekuwa na furaha tangu siku ile. Jana alikuwa anakusimulia habari za ukumbi, jinsi mapadri walivyompa kiti chenye mto. Mimi kibandani kuna fremu zinangoja na sijagusa hata moja.

Maji yameshamwagika, dada. Ila bado hajui alichokifanya. Nimwambie? Akijua, atarudi kule kwa miguu yake awaombe wafungue, na hawatafungua. Lakini siwezi kulibeba peke yangu kila akinipa chai. Niambie wewe.

Kidole

*

Nyumba ya Masista,
29 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwenu nyote, kwa wifi, kwa watoto, kwa Mama. Barua yako ilifika wiki iliyopita. Niliisoma kwenye chumba cha hostia, nilikoomba niruhusiwe kuingia mara moja. Nililia sana, nisikufiche, na nikakukasirikia, kisha nikajikasirikia zaidi. Wewe ulisema Mama ni mtu wa kuelezwa. Mimi ndiye niliyekataza.

Viatu nimemrudishia Mama Mkuu. Alivipokea, akaomba radhi, sijui kwa niaba ya nani. Kitambaa cha Mama nakituma pamoja na barua hii. Kwenye kiti cha chumba cha wageni wameongeza mto, maana sasa sitaondoka. Bibi naye amebaki huko aliko na mashimo yake, na mtu wa mwisho aliyeyajua ameyafunga kwa lakiri. Kila wakisoma bwaloni habari za jiwe, mimi kimoyomoyo nasema ndui, ndui, ndui. Ni sala yangu sasa.

Usimwambie. Akija akajua kwamba neno lake moja ndilo lililofunga lango, hataweza tena kunitazama hata kwenye karatasi, na hicho ndicho alichobakiwa nacho. Utabeba. Nami nitabeba huku, tutakuwa wawili kama zamani tulipobeba ubao wa Baba, wewe mbele mimi nyuma.

Nina agizo moja. Ile fremu ya Mama ni nzito, mikono yake imezeeka. Mtengenezee nyingine, ya mti mwepesi kabisa, aweze kuishika muda mrefu bila kuchoka. Usiweke kioo, kinamrudishia mwanga machoni. Piga msasa kingo zote mpaka pasiwe na kinachomkwaruza puani. Na kona, funga kama alivyofunga Baba.

Dada yenu,
wa pale ukutani kwa Mama